Sikio Kwenye Orodha ya Mali

Asubuhi ya kupokea korosho za kwanza za msimu, Hajra alichota moja kwa moja korosho za chini kabisa ndani ya gunia, akazitikisa karibu na sikio lake la kulia, kisha akamrudisha mkulima Salimu na magunia yake matatu.

"Kaanike tena, mdogo wangu. Hizi ulizianua siku ya msiba wa kaka yako, na siku ile kulikuwa na manyunyu."

Salimu hakubisha. Ndivyo korosho zilivyopangwa madaraja katika ghala lile la chama cha ushirika, njia ya kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea, kwa misimu ishirini na miwili. Hajra alizijua kwa mlio, na alijua nani anaanikia mkekani, nani mchangani, na nani ana mgonjwa ndani kwa hiyo anaokota kwa haraka. Kwenye karatasi za chama aliandikwa kibarua wa usafi.

Juma lililofuata akaletwa Gregori, kijana mpole kutoka Iringa, mwenye cheti na kipima unyevu. Alimweleza Hajra kwa heshima zote kwamba kazi ya madaraja inataka mtu wa kidato cha nne.

"Haya, baba," alisema Hajra. Akajifunga kanga yake, akaenda zake. Sikio la kulia likabaki juu ya gunia.

Gregori aliliandika kwenye orodha ya mali, chini ya mizani: sikio, moja, la kulia, linafanya kazi. Akalitundika msumarini. Mkulima akifika, Gregori alitikisa korosho mbele ya lile sikio na kusubiri. Lilisikia vizuri tu, ila halikuwa na mdomo wa kusema, wala miguu ya kwenda misibani. Kipima unyevu nacho kilipima za juu ya gunia. Baada ya wiki mbili mzigo wa kijiji kizima ulirudishwa na wanunuzi, umeota ukungu.

Ndipo Hajra alipokuja, amefura kwa hasira.

"Nimefuata sikio langu."

"Mama, lipo kwenye orodha ya mali ya chama," alisema Gregori.

"Basi na mimi niandikeni. Mpanga madaraja, Hajra Yunusi. Miaka ishirini na miwili mnakula kwa sikio hili, huku mkiniita mfagizi."

"Fomu inataka cheti, mama. Mimi sina la kufanya."

Hajra hakubembeleza mtu. Alilichomoa msumarini, akalivaa kama anavaa hereni. Wakulima wakabeba magunia yao, wakamfuata barazani kwake. Tangu siku hiyo kila gunia hupitia pale kwanza, ndipo hupelekwa ghalani kugongwa muhuri wenye jina la Gregori. Hakuna mzigo uliorudishwa tena. Gregori akapandishwa cheo.

Mwezi wa nane likabandikwa tangazo la nafasi yake. Hajra akaomba. Binti yake, Hafidha, alimjazia fomu, na palipoandikwa elimu Hajra alivua sikio, akalichovya kwenye wino, akaligandamiza hapo. Alama ilitoka safi, mikunjo yote inaonekana.

Fomu ilirudi baada ya siku nane, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: hana sifa.

"Nenda kaniombee nyingine," Hajra alimwambia Hafidha. "Wino bado upo."