Waya wa Darini

Odeta alijua siku imeharibika kabla hajatua mkoba. Paskazia, karani wa kaunta, alikuwa amekunja mikono mbele ya kompyuta yake, na foleni ya wavuvi ilikuwa imefika mlangoni.

"Mashine zimegoma tena," Paskazia alisema, bila hata kumsalimia.

Odeta akainama kutazama kioo. Kijistari kilikuwa kinazunguka mahali pamoja, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Mashine ilikuwa inaita seva, na seva haiitikii. Alipozima na kuwasha upya, kijistari kikaanza kuzunguka tena.

Duka hilo la Mzee Hasham, pale Nyamagana, liliuza nyavu, kamba na vipuri vya injini za mitumbwi. Serikali ilipolegeza masharti ya biashara na viwanda vya sangara vikaanza kushindania samaki, wateja walimiminika kutoka kila kisiwa, na ankara za kuandika kwa mkono zikawa hazitoshi tena. Odeta, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, ndiye aliyemshauri mzee anunue mashine zisizo na diski ndani. Seva moja, iliyowekwa chini ya kaunta, ingezilisha zote. Karani akiwasha yake asubuhi, inaita kupitia waya mmoja unaopita mashine zote, na seva inaipelekea mfumo endeshi, kazi inaanza. Ni rahisi, alisema, na hakuna atakayeweza kuchomeka diski ya michezo yenye virusi. Mzee alipenda sana hilo la mwisho.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri mno. Kisha Odeta akaenda Sengerema kumzika baba yake mkubwa, na tangu aliporudi hakuwa na amani. Siku nyingine mashine ziliamka zote. Siku nyingine iliamka moja, nayo ikaganda katikati ya ankara. Alibadilisha kadi za mtandao. Alibadilisha vizibo viwili vinavyofunga ncha za waya. Akaisimika seva upya, kazi iliyomla Jumapili nzima, na Jumatatu yake kijistari kikaendelea kuzunguka.

"Dada, mimi nataka plagi ya injini tu," alisema mteja wa mbele, mvuvi mmoja aliyeitwa Malimi, mtu wa upande wa Kamanga. "Plagi ile pale naiona kwa macho. Nipe niwahi kivuko."

"Bila ankara ya mashine haitoki," Paskazia alimjibu. "Ni amri ya mzee."

"Basi andika kwa kalamu!"

"Kalamu ilipigwa marufuku." Paskazia akamgeukia Odeta, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Muulize huyu mtaalamu wetu. Ndiye aliyetuletea mashine zisizo na akili zao wenyewe."

Watu wakacheka. Odeta alihisi masikio yakimuwaka. Kivuko kilipopiga honi, Malimi alitema mate nje ya kizingiti, akaondoka mikono mitupu.

Odeta alipanda ngazi hadi ofisini kwa Mzee Hasham, akamkuta na simu sikioni. Alingoja mpaka alipoiweka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zimeamka?"

"Bado. Mzee, naomba muda wa kuukata mtandao vipande vipande. Nifunge nusu moja, niwashe, nione ugonjwa uko upande gani. Hakuna njia nyingine."

"Wakati wa wateja? Hapana."

"Basi niachie funguo jioni."

"Duka likifungwa limefungwa, binti. Unajua hivyo." Hakusema kwa ukali. Alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio uliomchosha Odeta kuliko kelele za Paskazia, kwa sababu haukuwa na mahali pa kushika.

"Nilipokuwa msibani, kuna mtu aligusa waya wowote?"

Mzee Hasham alifikiri kidogo. "Hakuna aliyegusa," alisema.

Mwishowe alimpa Ijumaa, saa ya swala, duka linapofungwa kwa muda na yeye mwenyewe yuko msikitini. Ijumaa ilipofika, Paskazia akaenda kula. Odeta alibaki peke yake na mlinzi wa mlangoni.

Aliuchomoa waya pale unapoacha kaunta na kupanda darini kuelekea stoo, akafunga ncha kwa kizibo cha akiba. Akawasha mashine za kaunta. Zote ziliamka mara moja. Akazizima na kuziwasha tena na tena, akiomba zikatae ili asijidanganye. Hazikukataa. Aliporudisha ule waya wa darini, kijistari kikaanza kuzunguka.

Akaazima ngazi ya stoo, akasukuma ubao wa dari, akaingiza kichwa na tochi. Dari yenyewe ilikuwa mpya, na hilo lilimshangaza, maana hakuna aliyemwambia kuwa imetengenezwa. Katikati ya giza lile waya wake mweusi ulikuwa umekatika. Katikati ya ncha mbili kulikuwa na kipande kingine, cheusi vilevile, kinene kidogo, kilichosokotwa na kuzungushiwa utepe. Akakisogezea tochi, akasoma maandishi ubavuni. Ulikuwa waya wa antena ya televisheni.

Odeta alikaa juu ya ngazi ile, vumbi likimwingia puani, asijue acheke au alie.

Kisha akakikata kipande kile, akaunga mahali pake waya halisi wa akiba, na mashine zote zikaamka. Mzee Hasham aliporudi alimkuta ofisini, kipande kile kikiwa mezani.

"Ah," alisema mzee. Akavua kofia, akaiweka kando. "Mafundi wa dari waliukata kwa bahati mbaya. Siku hiyo fundi wa dishi alikuwa nyumbani kwangu, nikamwita aunge. Mashine zikawaka palepale. Waya si waya tu?"

"Si waya tu, mzee. Huu ni wa picha. Mtandao unataka wa aina yake, la sivyo sauti inarudi njiani na mashine hazisikii. Nilikuuliza. Ukasema hakuna aliyegusa."

"Sikuona kama ni kugusa. Niliona ni kutengeneza."

"Mzee, nimetukanwa mbele ya wateja kwa ajili ya kipande hiki." Akakisukuma kipande mbele yake. "Naomba uwaambie wewe mwenyewe."

Mzee aliichezea kofia yake. Kisha akashuka ngazi, Odeta nyuma yake. Duka lilikuwa limefunguliwa na Paskazia amerudi; pale kaunta mzee alikohoa.

"Mashine zimepona," alisema. Akaanza kugeuka, akakutana na macho ya Odeta, akasimama. "Waya ulikatwa na mafundi wa dari. Mimi niliuunga vibaya. Odeta hakuwepo."

"Kumbe," alisema Paskazia. Akamtazama Odeta kidogo, akavuta kiti, akaanza kuchapa ankara ya mtu wa kwanza kwenye foleni.

Basi, ikawa ni hilo tu. Odeta alikuwa ameingoja kauli ya kumsafisha kwa siku nyingi, akidhani itamtua mzigo mzima. Ilimtua kidogo tu. Alirudisha ngazi stoo, akaenda uani kunawa vumbi usoni, akakuta bomba halitoi maji.