Imechoka, Haijazeeka

Barua ya Ilse ilikuwa fupi. Nyangi aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akasimama tena.

Ilse aliishi Ujerumani na hawakuwahi kuonana. Yeye ndiye aliyesimamia sehemu ya kiini cha mfumo wa kompyuta inayohusika na kasi ya vichakataji, na chini yake walikuwako watunzaji kadhaa, kila mmoja na kiendeshi chake. Nyangi, mwalimu wa chuo cha ufundi mjini Migori, alitunza kimoja. Kiendeshi hicho kiliamua jambo moja tu: kichakataji kikimbie kwa kasi gani. Kazi ikiwa nyingi, kasi ipande. Kazi ikipungua, ishuke. Joto likizidi, ishushwe kwa lazima, chuma kisije kikaungua. Ni kazi ya mpishi anayechochea kuni na kuziondoa: akiwa stadi, hakuna anayemkumbuka.

“Kwa miaka miwili,” Ilse aliandika, “hakuna mtumiaji aliyethibitisha kwamba kiendeshi hiki kinafanya kazi kwenye mashine halisi. Nadhani hakina watumiaji tena. Nisipopata jina la mtu aliyekijaribu kufikia Ijumaa saa kumi na mbili jioni kwenu, nitakifuta katika toleo lijalo.”

Ilikuwa Jumanne. Nyangi alikuwa amekitunza kiendeshi hicho miaka sita, na alijua kwamba watumiaji wapo. Vijisanduku vyenye kichakataji hicho vilitapakaa kote, vimefungiwa nyuma ya makabati, na wenyewe hawakujua hata kwamba kuna kitu kiitwacho kiendeshi. Kikifutwa, kila kimoja kingebaki na kasi moja ya chini maishani. Lakini Ilse hakuomba hoja. Aliomba jina.

Alifungua orodha ya malalamiko ya zamani, akaipekua kwa haraka ya mtu anayetafuta funguo mlangoni. Alikuta moja, lililofungwa miezi minane iliyopita, na aliyelifunga ni yeye mwenyewe. Lilitoka kwa Javan, fundi wa redio moja ndogo ya Homa Bay.

“Mashine imechoka,” Javan alikuwa ameandika. “Kila siku saa saba. Tusaidie.”

Naye Nyangi akajibu: “Pole. Kifaa kikishachoka, hakuna kiraka cha programu kitakachokiponya. Tafadhali nunua kingine.”

Kila siku saa saba. Nyangi aliyatazama maneno hayo. Kwao Migori, gari lililochoka ni la kuuzwa kwa kilo. Lakini chuma chakavu hakichagui saa ya kuchakaa. Alimpigia Javan.

“Ni wewe ulituambia tununue ingine?” Javan aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima asiye na haraka.

“Ni mimi. Naomba radhi, mzee. Uliposema imechoka, ulimaanisha nini?”

“Nilimaanisha imechoka. Kwetu, kwa Kijaluo, tunasema *ool*. Mtu akiwa ool anapumzika, kesho anaamka analima. Ningetaka kusema imezeeka ningesema *oti*. Hii haijazeeka. Asubuhi inakimbia sawasawa, saa saba inatambaa, jua likitua inaamka.”

“Na ikitambaa, sauti inakuwaje?”

“Inameza maneno. Na saa saba ndiyo saa ya matanga.” Javan alishusha pumzi. “Juzi tumetangaza hivi: Masese wa Kanyada anasikitika kuwajulisha kwamba shemeji yake, Arasa, amefariki. Mashine ikameza katikati. Watu wakasikia: Masese wa Kanyada amefariki. Wakaenda kwake na kilio. Wamemkuta ananyoa ndevu.”

“Alisemaje?”

“Aliuliza mbona wamekuja bila kuku.”

Nyangi hakucheka mpaka alipokwisha kukata simu, na hata hapo hakucheka kwa muda mrefu. Alikwisha kujua kosa lilipo. Mwaka uliopita alikuwa ameongeza kanuni mpya: joto likizidi, kikomo cha kasi kishushwe, na kisirudishwe juu mpaka kichakataji kipoe chini ya nyuzi hamsini. Aliijaribu nyumbani kwake mwezi wa Julai, wakati wa baridi, kijisanduku kikiwa juu ya sakafu ya saruji. Kilipoa kwa dakika tatu, akaridhika. Hakuwaza kwamba Homa Bay, chini kule ziwani, chumba chenye paa la mabati hakiruhusu kitu kupoa hivyo mchana. Mashine iliingia katika mapumziko saa saba na haikupata ruhusa ya kutoka.

Aliandika kiraka usiku huohuo: hamsini ikawa hamsini na tano. Alirekebisha tarakimu moja tu, na moyo haukutulia. Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa Homa Bay, amebeba kipakatalishi kifuani kama mtoto mgonjwa.

Mawingu yalikuwa yameziba ziwa lote.

Javan alikuwa mrefu, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Walikuwa na vijisanduku viwili: kimoja cha hewani, kingine cha akiba. Nyangi aliweka kiraka kwenye kile cha akiba, wakakilisha rekodi ya matangazo ya jana, na saa saba ilipofika wakasikiliza kwa spika ndogo. Kila jina lilitoka zima. Kile cha hewani nacho, chenye kosa lilelile la zamani, hakikumeza hata neno.

“Basi imepona,” Nyangi alisema. Alikwisha kufungua barua ya kumpelekea Ilse. Kilichobaki ni mstari mmoja chini ya kiraka, mstari wa aliyejaribu. “Jina lako lote nani, mzee?”

“La nini?”

“La kuthibitisha kwamba umejaribu.”

“Nimejaribu nini? Leo ni baridi. Hata ile ya zamani imesema vizuri.” Javan alivua miwani, akaifuta. “Nyar Kuria, binti wa Wakuria, jina langu siliweki kwa jaribio la siku ya mawingu.”

“Mwisho ni saa kumi na mbili leo. Nisipotuma, kitafutwa, na wewe utabaki na mashine inayotambaa siku nzima.”

“Na ukituma uongo, si itatambaa tu?”

Nyangi alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Angeweza kuandika jina lake mwenyewe, na kusema kweli alikuwa amejaribu. Ilse asingejua kwamba kulikuwa na mawingu. Alisimama uani akiwa na wazo hilo, na harufu ya chapati ikampata kutoka kibanda cha jirani.

“Joto ni joto,” alisema alipomrudia Javan. “Leta kijisanduku cha akiba na spika.”

Mwenye kibanda aliitwa Phelesia. Alisikiliza maelezo yao mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko.

“Mnataka kuweka redio kando ya jiko langu.”

“Si redio, mama,” Javan alisema. “Ni sehemu ya redio.”

“Sehemu gani?”

“Ya matanga.”

“Wateja wangu wale chapati na majina ya maiti?” Phelesia aliwatazama wateja wawili waliokuwa benchini, akaona hawajasimama. “Haya. Lakini ikilipuka, Javan, utatangaza ya kwako mwenyewe.”

Walikiweka kwenye kigoda, hatua moja kutoka motoni. Nyangi alitazama namba za joto kwenye kioo cha kipakatalishi zikipanda: sitini, sabini, themanini. Kikomo kikashuka, kama ilivyotakiwa. Akakisogeza mbali kidogo, mahali penye joto la chumba cha Javan siku ya jua, akangoja. Namba zilishuka hadi hamsini na nane. Hapo zikasimama.

Spika ikasema: “Familia ya... inasikitika... Ijumaa ijayo.”

“Nani amekufa?” mteja mmoja aliuliza.

“Ijumaa ijayo,” mwenzake akamjibu.

Nyangi hakusikia. Hamsini na nane si hamsini na tano, na hata angeweka sitini, ingekuja siku ya sitini na mbili. Alikuwa anabishana na jua kwa tarakimu. Saa ilikuwa tisa na nusu. Alimtazama Javan, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi anapumzika kwa utulivu uliomkera.

“Mzee, wewe ukichoka shambani, unangoja upoe kabisa ndipo ushike jembe?”

“Nikingoja hivyo nitalima lini? Nikipata pumzi kidogo, nainuka. Nikichoka tena, nakaa.”

Nyangi alifuta kanuni yake yote. Aliandika mpya akiwa amekaa juu ya gunia la unga: joto likishuka nyuzi tano chini ya lile lililoleta kikomo, kasi ipande ngazi moja, ingoje, ipime tena. Likizidi, ishuke ngazi moja, siyo zote. Vidole vilikosea mara mbili, na mara ya pili Phelesia alimwekea chai bila kuulizwa. Saa kumi na robo alikiwasha kijisanduku upya na kukirudisha motoni.

Themanini. Kikomo kikashuka. Akakisogeza. Sabini na nne, ngazi moja juu. Sabini na sita, sabini na tano. Kasi ilikaa katikati, ikipanda na kushuka kidogo. Matangazo yalianza upya kutoka mwanzo, na majina yakatoka moja baada ya jingine, pamoja na wajukuu, wakwe na mahali pa mazishi.

Nyangi alisubiri dakika kumi, kisha akageuka. “Sasa?”

“Bado,” Javan alisema.

Alimngojesha hadi rekodi iliporudia mara tatu. Nyangi alisimama, akaketi, akaanza kupanga vikombe visivyo vyake. Saa kumi na moja na dakika ishirini Javan alivaa miwani.

“Andika. Javan Ogutu Nyangweso. Na useme ilikuwa kando ya jiko.”

Nyangi aliandika hivyo. Aliongeza kwamba kosa la awali lilikuwa lake, na kwamba lalamiko la Javan lilifungwa bila sababu kwa kuwa mtunzaji hakuuliza neno lilimaanisha nini. Akatuma.

Jibu lilifika kabla ya dakika arobaini kuisha.

“Nimekipokea. Sitakifuta,” Ilse aliandika. “Lakini kila kiendeshi kinahitaji mtu wa pili wa kukikagua, na wewe uko peke yako. Huyo bwana wa jiko atakubali?”

Nyangi alimtafsiria Javan. Javan alifikiri, akauliza kazi hiyo ina maana gani.

“Kila nikibadilisha kitu, nitakutumia kwanza. Ukisema bado, sitatuma.”

“Hiyo naweza,” Javan alisema. “Mwezi wa pili ndio joto kali. Usinitumie kitu mwezi wa saba.”