Kuvuka Likoni Watatu

Mgeni aliingia uani kwa kina Ngala, Mikindani ya Mombasa, saa nne za asubuhi, akikokota baiskeli iliyojaa vumbi jekundu mpaka kwenye spoki. Hakuna aliyemjua. Ilikuwa Alhamisi ya Agosti, mwaka wa arobaini na nane, na Ngala alikuwa akipaka grisi mnyororo wa baiskeli yake, akimngojea mtu mwingine kabisa.

"Hodi. Shikamoo, mama," mgeni alimwambia Nyevu, mamake Ngala.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti kwanza."

Akapewa maji. Akapewa muhogo na samaki wa nazi. Jina alilitaja, Absalom, wa Machakos. Safari yake hakuisema wala hakuulizwa. Katika nyumba ile mgeni hahojiwi akiwa na tumbo tupu. Akishiba na kupumzika, atasema mwenyewe. Absalom naye aliona si adabu kumwaga habari kabla mwenye nyumba hajauliza. Basi akala, akashukuru, akaegemea ukuta wa baraza, akalala fofofo.

Aliyengojewa ni Fondo, kutoka Voi. Fondo, Ngala na Mwarandu walipigana pamoja vita vya Bama, kule Asia, na siku walipoachiliwa jeshini waliahidiana kwamba wataendesha baiskeli mpaka Vanga, kwenye mpaka wa Tanganyika, na feri ya Likoni watavuka watatu. Mwarandu sasa alikuwa mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa. Fondo alikuwa mkulima, bwana wa siku zake. Ngala ndiye aliyebanwa: karani wa bohari la mafuta Changamwe, mwenye likizo ya siku nne tu, ya kwanza tangu aajiriwe. Jumatatu asubuhi asipoonekana, kiti chake kitakaliwa na mwingine.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi Absalom alipoamka. Nyevu akamwuliza, "Haya, mwanangu, za utokako?"

"Njema, mama. Ila Fondo nimemkuta njiani amekwama, Maji ya Chumvi. Tairi la nyuma limepasuka. Amesema msimngoje, nendeni."

Ngala akaweka chini kopo la grisi. "Unayo habari hii tangu asubuhi?"

"Hukuniuliza, ndugu yangu. Nikadhani huku Pwani habari hutolewa baada ya usingizi."

Mwarandu, aliyekuwa amefika adhuhuri na mzigo wake tayari, alicheka mpaka akashika mbavu. "Adabu zenu zitatuzika." Kisha akaacha kucheka. "Lakini sikia, bwana. Mwenyewe katuruhusu. Tukitoka alfajiri na kukaza miguu, Vanga tunafika na Jumapili umerudi. Ukimfuata Fondo, atakayeikosa Vanga ni wewe. Mimi nina wiki mbili."

"Najua."

"Na ulituchosha nayo kule mahandakini. Vanga, Vanga, utakanyaga mwisho wa nchi kwa gurudumu lako mwenyewe."

Ngala akazungusha pedali kwa kidole. "Yeye ameifungua ahadi," alisema mwishowe. "Mimi bado sijaifungua."

Ijumaa alfajiri alishika njia ya bara, tairi lake la akiba begani, tairi alilolisubiri dukani miezi mitano. Kwenye mlima wa Mazeras alisikia mtu akitweta nyuma yake.

"Usidhani ni mapenzi," Mwarandu alisema. "Mamako amenitazama tu, hakusema neno. Nani awezaye kulala?"

Walimkuta Fondo alasiri, kando ya barabara, akishindilia makonge ndani ya tairi lililochanika, kama walivyofanya vitani mipira ilipoadimika.

"Niliwaambia nendeni," Fondo alisema bila kuinua uso.

"Ulituambia," Ngala alijibu. "Leta gurudumu."

Tairi jipya lilikaa. Rimu ndiyo iliyokataa. Ilikuwa imepinda kama ukoko wa chungu, na kuinyoosha kwa jiwe na koleo kulimeza Jumamosi yote. Ngala alizihesabu saa zake zikienda, akaendelea kugonga polepole, maana rimu ikigongwa kwa hasira hupasuka.

Jumapili saa kumi za jioni waliingia kwenye feri bega kwa bega. Fondo, aliyekuwa bado hajui habari za likizo, alikuwa akisimulia watakavyolala Tiwi usiku ule. Mwarandu alimtazama Ngala. Ngala mwenyewe akamwambia Fondo, kwa maneno machache, kwamba kesho asubuhi lazima awe kazini.

Feri ikagusa bara, Fondo akamgeukia. "Mbona hukunena kule kule?"

"Ungekataa tairi."

Wakashuka watatu, magurudumu sita yakakanyaga mchanga wa Likoni. Ngala akawashika mikono, akafunga vizuri kamba ya mzigo wa Fondo iliyolegea, akasema, "Mkifika mwisho wa nchi, niandikieni ukoje."

Kisha akaigeuza baiskeli. Feri ilikuwa haijaondoka, akapanda tena.

"Wewe si umeshuka sasa hivi?" mkata tiketi akamwuliza.

"Nimeshuka," Ngala alisema, akampa nauli ya pili.