Ng'ombe wa Tatu wa Elodie

Ng'ombe wa tatu wa mahari ya binti yangu Elodie aliingia uani kwetu akinguruma, na wazee wote wakasimama. Alikuwa pikipiki. Nyekundu, kubwa, ya aina ile inayotengenezwa kwa ajili ya lami, tangi lake limetuna kama bega la fahali na matairi yake ni mapana kuliko kiganja changu.

Ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha kufungwa kando ya ukuta. Mchumba, Mardochée, fundi wa pikipiki kule mtaani Nyawera, alishuka akaiegemeza kwenye mguu wake wa chuma, kisha akarudi nyuma ya wajomba zake, kama adabu inavyotaka. Msemaji wao akasema, "Baba zetu, wa tatu ni huyu. Kama mutakubali."

Nilisahau kupumua. Kwa miaka mingi nilibeba abiria kwenye pikipiki ndogo. Ndiyo iliyolea watoto wangu, ndiyo iliyonilipia shule ya jioni, na sikuwahi hata mara moja kukalia pikipiki yenye nguvu. Lakini kwetu ng'ombe wa mahari hapokelewi na baba wa binti. Hupokelewa na mkubwa wa familia, na mkubwa ni kaka yangu Zagabe, aliyeteremka asubuhi hiyo kutoka milimani Kabare na fimbo yake. Kama angesema hapana, pikipiki ingerudi ilikotoka, na harusi ingesubiri ng'ombe wa kweli.

"Petit," Zagabe akaniita, yaani mdogo wake, "huyu ni ng'ombe gani?"

"Ni moto, Grand," nikamjibu mkubwa wangu. Moto ndilo jina letu la pikipiki.

"Naona ni moto. Macho yangu iko muzima. Nakuuliza ni ng'ombe gani."

Akaizunguka kama anavyozunguka ng'ombe sokoni. Akabonyeza kiti kwa kidole gumba. Akainama, akachungulia chini ya tumbo.

"Maziwa iko wapi?"

"Haina maziwa, Grand."

"Na mavi ya kuweka ku shamba?"

"Inatoa moshi tu," akadakia mjomba mmoja wa upande wao, na ua mzima ukacheka. Zagabe hakucheka.

"Nani alileta hii mawazo?"

Elodie, ambaye siku hiyo alipaswa kukaa ndani kimya na shangazi zake, akatoa kichwa dirishani. "Ni mimi, papa mukubwa. Kila moto kubwa ikipita ku barabara, papa anasahau chai mu mukono."

Walicheka tena. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilidhani hakuna aliyewahi kuona.

"Basi itembee," akasema Zagabe. "Ng'ombe hapokelewi akiwa amesimama. Na amutembeze yule anamutaka."

Mardochée akanipa ufunguo. "Papa, polepole na mukono," akaninong'oneza.

Nilipaswa kumsikiliza. Lakini mkono wangu ulifundishwa na vilima vya Bukavu, mji wetu wa kando ya ziwa. Ukimbeba maman mnene na gunia lake la unga kupanda kutoka Nyawera, unakamua mkono wa gesi mpaka mwisho, na pikipiki ndogo inakohoa tu na kupanda. Nikakamua hivyo hivyo. Gurudumu la mbele likaondoka ardhini. Niliona mbingu, nikaona paa la jirani, nikamsikia mke wangu Madeleine akimwita Bikira Maria. Viti vya plastiki vikaanguka, chupa za bia ya Primus zikabingirika, wazee wakakimbia kama vijana. Nikalegeza mkono. Gurudumu likarudi chini kwa kishindo, nikasimama karibu kabisa na Zagabe. Yeye peke yake hakuwa amesogea.

Nilijua imekwisha.

"Petit," akasema, "unakumbuka ule ng'ombe mwekundu wa papa?"

"Namukumbuka."

"Siku ya kwanza alifanya nini?"

"Alimutupa papa mu mufereji."

"Na papa alisema nini?"

"Alisema, huyu simuuzi."

Zagabe akaweka kiganja chake juu ya tangi. "Hii nayo iko na damu. Lakini ng'ombe anazaa, na ndama wa kwanza ni wa mukubwa. Ndama yangu iko wapi?"

Wajomba wa Mardochée wakatazamana. Ni desturi yetu kweli. Nikashuka.

"Grand, ni lini uliona ziwa kwa karibu?"

"Kabla goti hii ianze kunisumbua."

"Basi ndama yako ni barabara. Kila mwezi nitakuja kukuchukua Kabare, nikushushe mpaka ku maji, nikurudishe."

"Kila mwezi, ndama?"

"Kila mwezi."

"Hakuna ng'ombe anazaa hivyo!" akasema yule mjomba.

"Nyamaza weye, usiniharibie." Zagabe akaomba kibuyu cha kasiksi, akanywa pombe ile ya ndizi, akamwagia tairi la mbele kidogo. "Tumepokea ng'ombe."

Siku hizi mkono wangu umejifunza adabu. Naifungua gesi kidogo tu, na pikipiki inajibu kabla sijamaliza kufikiri. Kwenye kona za kando ya ziwa inalala upande bila kulazimishwa, na nikiinyoosha inaruka mbele, inaomba mchezo. Nikirudi nyumbani nampigia Mardochée simu kumshukuru, mpaka Elodie amechoka: "Papa, alishasikia." Asikie tena. Kuna wazee wanaoishi bila mtu hata mmoja kuona chai yao ikipoa.

Jumamosi iliyopita nilimchukua Zagabe kule Kabare. Njia nzima alilalamika kwamba kofia ya chuma inamficha, watu watajuaje kwamba ni yeye? Ziwani aliloweka miguu, akala sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, za kukaanga. Wakati wa kurudi, mahali barabara inaponyooka, fimbo ikanigusa begani.

"Petit. Ile kitu ulifanya siku ya mahari. Fanya tena, kidogo."

"Grand, na goti yako?"

"Goti iko nyuma. Gurudumu iko mbele."

Nikatazama barabara. Ilikuwa tupu. Nikamshukuru Mungu kwanza, kisha nikakamua.