Sproketi ya Mwendokasi

Asubuhi ya maonyesho, Fundi aliinama kuipaka mafuta cheni ya roboti yake, na alichokiona kikampandisha mori. Ile sproketi kubwa, gurudumu la meno linalovutwa na cheni, aliyoifunga kwenye ekseli ya magurudumu kwa mikono yake haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kisahani cha meno, kidogo kama mdomo wa kikombe.

"Nani kaigusa?"

"Mimi, dada," alijibu mwenzake wa karakana, aliyeitwa Mwendokasi kwa kupenda haraka katika kila jambo isipokuwa kufika kazini. "Ilikuwa inatambaa. Wageni wanakuja na kamera, unataka wapige miayo?"

"Umeijaribu na mzigo?"

"Mzigo wa nini? Nimeijaribu hapa sakafuni. Inakimbia hiyo, mpaka raha."

Mzigo wa nini! Roboti yenyewe iliundwa kuvuta toroli la mashuka mabichi kutoka chumba cha kufulia cha hospitali hadi kwenye kamba za kuanikia, kupitia mwinuko wa saruji. Toroli hilo lilisukumwa miaka nenda miaka rudi na mama yake Fundi, na sasa mgongo wake ulikuwa haumpi usingizi. Ndiyo maana Fundi alichagua sproketi ndogo kwenye mota na kubwa kwenye ekseli: mota izunguke mara nyingi, gurudumu mara moja, polepole lakini kwa nguvu.

"Nirudishie yangu."

"Iko ofisini kwa mkuu wa karakana. Kafunga, kaenda kupokea wageni. Naye hii kaipenda."

Huko hospitalini, wageni walikokusanyika, Fundi alimsihi mkuu aahirishe maonyesho. Mkuu alitabasamu kwa ajili ya kamera. "Mwanangu, usituaibishe mbele ya watu."

Roboti ikachomoka ukumbini, wapiga picha wakiikimbilia, wageni wakipiga makofi. Mwendokasi alivimba kichwa. Kisha wakaipeleka chini ya mwinuko, wakaifunga kwenye toroli lililojaa mashuka. Mama alisimama pembeni na sare yake, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Roboti ilipanda kidogo tu. Mota ikanguruma, ikakwama, harufu ya kuungua ikatanda. Toroli likaanza kurudi nyuma, na kabla mtu hajasema neno, Mama alishaliwekea bega, kama alivyozoea. Akalisukuma, na roboti mbele yake, hatua kwa hatua. Makofi yakaanza upya.

"Mnaona?" Mwendokasi aliwaambia wenye kamera, bila haya. "Mashine na binadamu, bega kwa bega."

Fundi angeweza kumrukia pale pale, lakini mgongo uliokuwa ukiinama pale mwinukoni ulikuwa wa mama yake. Alikimbia akaweka bega lake kando ya la Mama, wakasukuma pamoja mpaka juu.

Mama alijishika kiuno akihema, akaitazama ile mashine kwa adabu, kwa kuwa ilikuwa kazi ya mwanawe.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Ila nayo nzito. Nitakuwa naipandisha kila siku?"