Kahawa Isiyoonjwa

Kampuni moja ya magari iliwapunguzia bei ya gari jipya wafanyakazi wa viwanda vinavyoiuzia vipuri, na kiwanda chetu cha Riyadh kilikuwamo. Ilitakiwa sahihi ya bosi tu. Wasaudi walisainiwa papo hapo. Sisi wageni tuliambiwa "bukra", kesho, kila siku kesho, hadi ikafika siku ya mwisho. Mambo kama hayo mimi sisahau.

Onesmo, fundi mwenzangu kutoka Tanga, alikuwa anaililia pikapu. Akanivuta hadi mtaa wa Al-Malqa, nyumbani kwa bosi. Baraza limejaa wageni. Akamiminiwa kahawa, akaiweka chini bila kuionja.

Wote barazani wakamgeukia bosi. Kwao, mgeni asiyekunywa ana ombi, na mwenyeji akimnyima ameaibika.

"Kunywa, Onesmo," bosi alisema, akichekea menoni.

"Nina haja, baba. Sahihi yako."

"Mpe mgeni wako haja yake!" mzee mmoja akadakia.

Bosi akasaini. Onesmo akanywa, akaomba na kikombe cha pili.

Nje nikamwuliza, "Na wenzetu je?"

"Yalla, kawaite!"

Kabla ya isha wageni wote wa kiwandani walikuwa wameketi barazani, na hakuna aliyegusa kahawa.