Mguu wa Gathua

Falis hakuogopa mnyama yeyote mwenye kwato. Siku ambazo mumewe Muhumed alishusha mbuzi nyuma ya duka lao Kitengela, ni yeye aliyemshika beberu pembe akamlaza ubavu, wanaume wamesimama kando wakitoa ushauri. Nyoka nao alishawaua wawili kwa jembe na hakumwambia mtu. Lakini kuku, wallahi, kuku lilikuwa jambo lingine. Akisikia mabawa yakipigapiga karibu yake magoti yalimlegea na mate yakamkauka, mama mzima wa miaka arobaini na miwili, mwenye duka la vitambaa na binti aliye kidato cha tatu.

Chanzo chenyewe ni kidogo hata kukisimulia ni aibu. Utotoni, kule Garissa, jogoo wa watu alimrukia usoni akamwachia kovu juu ya jicho. Kwao hapakuwa na mtu aliyefuga kuku. Mfugo ni ngamia, ng'ombe na mbuzi, kuku ni ndege tu, kwa hiyo hakupata hata nafasi ya kumzoea. Aliificha hofu hiyo miaka yote, na Muhumed mwenyewe alidhani mkewe hapendi nyama ya kuku, basi.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Waruguru, mjane wa miaka sitini na kitu, mtu wa Nyeri aliyenunua ploti yake wakati Kitengela bado ni nyasi na pundamilia. Waruguru ndiye aliyemkaribisha Falis alipohamia hapo hajui mtu, na ndiye aliyembeba Nasro, binti wa Falis, mgongoni mpaka kliniki siku mtoto alipopata degedege. Deni la namna hiyo halilipiki na wala hakuna anayelidai. Sasa Waruguru alikuwa na ugonjwa wa sukari, na tangu mwezi wa pili kidole cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Tena alikuwa na Gathua.

Gathua alikuwa kifaranga wa wiki nne. Alitotolewa mguu wa kushoto umepindia nje, kucha zikitazama nyuma, akawa anajiburuta kwa bawa huku ndugu zake wakimdonoa kichwani. Jina lenyewe kwa Kikuyu ni kama kusema kachechemezi. Mtu mwingine angemtupia paka. Waruguru alimwekea katoni yake jikoni, akaunyoosha ule mguu kwa kijiti cha aiskrimu na plasta, na kila asubuhi alimfungua, akausugua kwa mafuta ya kukamulia, akamfunga upya. Halafu, kwa vile binadamu akiogopa huanza kufanya mapatano ya ajabu na Mungu, akajiambia kwamba mguu wake na wa Gathua ni mmoja. Huu ukinyooka, na ule utapona.

Jumatatu mwanawe, Ndung'u, alikuja kumpeleka hospitali Kajiado. Waruguru akiwa ameshaketi kwenye gari, mguu umezungushiwa shuka, alimwita Falis dirishani akampa ufunguo wa jikoni na maagizo. Amfungue kila asubuhi bila kukosa, maana kifaranga anakua haraka na plasta itamkaba. Asugue. Amfunge tena kwa ulegevu. Falis aliitikia yote. Angesema nini? Mwanamke amekukalia hapo, harufu ya ule mguu imeshaanza kutoka kwenye shuka, wewe umwambie unaogopa kifaranga?

Jumanne asubuhi alifungua mlango wa jiko la mabati na kuchungulia katoni. Gathua alinyoosha shingo, akapiga mabawa mara mbili, na Falis akajikuta nje, amekaa kwenye ngazi, mkono kifuani. Alirudi na ufagio. Kwa mpini wa ufagio alilisukuma bakuli la chakula mpaka likaingia kwenye katoni, akamwaga maji kwa upawa kutoka mbali kama mtu anayezima moto. Hakumgusa. Angeweza kumwita jirani mwingine yeyote amsaidie, lakini kwa kusema nini? Mji mzima ungecheka.

Akajitafutia sababu, na sababu hazikukosekana. Kwao mbuzi akivunjika mguu hufungwa vijiti na kuachwa wiki tatu bila kuguswa, na anayefungua mapema ndiye anayemlemaza. Alishafunga miguu ya mbuzi wasiopungua ishirini na yote ilinyooka. Mfupa ni mfupa, alijiambia. Alijua fika kwamba maagizo aliyopewa hayakuwa hayo, lakini uongo huo ulimpa usingizi.

Mchana Waruguru alipiga simu akauliza kama amemfungua. Falis akasema amemfungua. Akauliza kama mguu unanyooka. Falis akasema unanyooka, Mama Ndung'u, na upande wa pili akamsikia mama wa watu akishusha pumzi ndefu. Basi Jumatano akaongeza kidogo, akasema Gathua ameanza kuukanyagia. Alhamisi akasema ametembea. Siku hiyohiyo ya Alhamisi Gathua alikuwa amelala ubavu kwenye pembe ya katoni, na bakuli la asubuhi lilikuwa bado limejaa. Falis aliliona, akafunga mlango.

Ijumaa, kabla hajafungua duka, Ndung'u akampigia. Hakuwa na muda wa salamu. Tangu Jumatano daktari anataka kuukata mguu chini ya goti, kwa sababu uozo unapanda. Mama amekataa kusaini. Ndugu wamembembeleza, pasta ameombwa, amekataa katakata. Daktari amesema mwisho ni leo au kesho, baada ya hapo sumu itaingia kwenye damu na hapatakuwa tena na cha kukata.

"Anasema Gathua ametembea," Ndung'u alisema. "Anasema ni wewe umemwambia."

Falis alikaa chini palepale, kwenye sakafu ya duka, katikati ya marobota ya vitambaa. Siku tatu alizodhani anamfariji jirani yake, alikuwa anamwua, polepole, kwa sauti ya upole, kila mchana.

Aliingia jikoni kwa Waruguru bila ufagio. Alisema bismillahi, akafumba macho, akatia mikono yote miwili kwenye katoni. Kile kitu cha joto kiliporuka kati ya viganja vyake alitoa sauti ambayo hakujua anayo, lakini hakukiachia. Akakishika mpaka kikatulia. Chini ya vidole vyake aliusikia moyo wa Gathua ukienda mbio, na wake unaenda mbio vilevile, na hapo ndipo alipofumbua macho na kuona kwamba kati yao wawili, anayeogopa zaidi hakuwa yeye. Akailowesha plasta kwa maji ya uvuguvugu na kuibandua kidogo kidogo. Ilikuwa imezama ndani ya ngozi. Chini yake wayo ulikuwa mweusi, mkavu, baridi kama kijiko. Harufu aliijua. Ilikuwa ile ya Jumatatu, ya dirishani mwa gari.

Alimpeleka kwa Kitheka, mwenye agrovet, duka la dawa za mifugo, upande wa pili wa barabara, akimshika mbele yake kwa mikono iliyonyooka kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Kitheka aliugeuza ule mguu mara moja tu. Akasema hapa pameshakufa, mama, hapa hapasikii kitu. Tukiukata hapa juu penye damu, atapona. Tukiuacha, hafiki Jumapili. Falis alimshikilia wakati Kitheka anakata, naye akalia machozi yake na ya kifaranga. Baada ya nusu saa Kitheka alimwagia chakula kaunta, na Gathua, mguu mmoja, ubavu ameuegemeza kwenye mkebe wa dawa ya kupe, akaanza kula. Alikula kama mtu aliyetoka kufunga.

"Mfungie vizuri," Falis alisema. "Tunasafiri."

Huko Kajiado, saa za kuona wagonjwa, askari wa lango alikuwa anapekua vikapu. Falis alikuwa ameliona hilo mapema, akamtia Gathua ndani ya jilbabu, akambana kwa mkono dhidi ya mbavu. Kucha za ule mguu mzima zilikuwa zinamkwaruza kupitia gauni. Kila zilipokwaruza, jasho lilimtoka mgongoni na aya aliyokuwa anaisoma kimoyomoyo ikampotea, ikabidi aianze tena. Askari alitazama kikapu chenye ndizi na chupa ya chai, akampungia mkono apite.

Waruguru alikuwa amelalia mto, uso umekuwa wa majivu, lakini alipomwona alitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Ndung'u alisimama akampisha kiti. Falis hakuketi. Alijua akiketi hatasema.

"Mama Ndung'u, nilikudanganya," alisema. "Sijamfungua hata siku moja. Mimi naogopa kuku. Nimekuwa nikimsukumia chakula na ufagio. Mguu umekufa, na leo asubuhi tumeukata."

Akainua pindo la jilbabu. Gathua akatoa kichwa nje, akatazama wodi, akatoka mzima na kibandiko chake cheupe, akawa juu ya blanketi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaguna. Nesi aliyekuwa mwisho wa chumba aligeukia dirisha na kuanza kunyoosha pazia ambalo halikuwa limekunjamana.

Waruguru hakumtazama Falis. Alikitazama kile kibandiko. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na Falis akatamani ardhi immeze pale pale.

"Ungemfungua Jumanne," Waruguru alisema hatimaye, "ungenyooka?"

"Ungenyooka. Kitheka amesema ungenyooka. Ni mimi niliogopa, nikawa nangoja."

"Na usingemkata leo?"

"Asingefika Jumapili."

Waruguru akauliza kama Gathua anakula. Falis alitoa mfukoni chakula kidogo alichopewa na Kitheka akamtilia kiganjani, na Waruguru akakiweka kile kiganja juu ya blanketi. Gathua aliruka hatua moja, akaanguka kifudifudi. Ndung'u alitaka kumwinua, mama yake akamzuia kwa jicho. Gathua akajisukuma kwa bawa, akasimama, akaruka tena, akaanguka, akasimama, akafika. Alidonoa kiganja cha Waruguru mpaka kikawa kitupu, halafu akakidonoa kitupu vilevile.

Waruguru alifuta uso kwa upande wa shuka. Miaka yote kumi na minne alikuwa akimwita jirani yake Mama Nasro, kwa heshima, kama inavyostahili. Sasa alimwita kwa jina.

"Naogopa, Falis," alisema. "Si kidogo. Naogopa hadi usiku nashindwa kumeza maji."

"Najua," Falis alisema. "Nimekuja na kuku kifuani kutoka Kitengela. Najua."

Waruguru akacheka, kicheko kifupi kilichokatika katikati. Kisha akamwambia Ndung'u aende akamwite daktari, na aje na ile karatasi. Ilipoletwa, kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili, lakini jina lake lote aliliandika, la ubatizo, la kwao na la marehemu mumewe. Daktari akasema wataingia kesho asubuhi na mapema. Waruguru akatikisa kichwa kukubali, na mkono uliokuwa na kalamu ukatafuta mkono wa Falis na kuushika kwa nguvu.

"Kesho nikifungua macho nataka nikukute hapa," alisema. "Usikae huko mlangoni. Ukae karibu. Na usije na ufagio."

Falis aliahidi. Kisha akamchukua Gathua kutoka kwenye blanketi kwa mkono mmoja uliobaki, kwa sababu ule mwingine Waruguru alikuwa hajauachilia. Kucha zikamkwaruza, magoti yakamlegea kama kawaida yake, naye akavuta kiti kwa mguu akaketi.